Nani Ataiamsha? Utangulizi wa Usingizi wa Mikrokontrola

Januari 2004, katika nyika za Laikipia, katikati ya Kenya, punda milia kadhaa walivishwa kola zenye kompyuta. Mradi huo uliitwa ZebraNet. Margaret Martonosi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, wahandisi kwa wanabiolojia, walitaka kujua wanyama hao huenda wapi usiku na mchana bila mtu kuwafuata kwa gari. Kila kola ilibeba kipokezi cha GPS, redio ya kupashana habari na kola nyingine, seli za jua, betri ya lithiamu, na mikrokontrola ya MSP430 yenye RAM ya kilobaiti 2 tu. GPS na redio hula umeme mwingi. Seli za jua zinazoweza kukaa shingoni mwa punda milia ni ndogo. Na mnyama akishaachiwa, hakuna wa kumrudisha ili betri ibadilishwe. Hesabu hiyo haikubali ila kwa njia moja: vyombo vya ndani ya kola vilale karibu muda wote, viamke kidogo, vipime, viandike, vilale tena.

Taaluma ninayokukaribisha imezaliwa na hali za namna hiyo. Kipima unyevu kilichozikwa shambani, mita ya maji chini ya mfuniko wa zege, kengele ya mlango wa ghala: vyote huishi kwa betri, na kazi yao halisi ni ya sekunde chache katika saa nzima. Wanafunzi wanaokuja kwangu huuliza namna ya kuilaza chipu. Jibu lake ni fupi, mara nyingi ni amri moja. Mimi huwarudishia swali ambalo naamini ndilo msingi wa taaluma yote: nani ataiamsha, na ikiamka itajikuta katika hali gani? Ukiwa na jibu la swali hilo, mengine yote hujipanga. Ukilikosa, utabaki na kifaa kilichokufa huku betri yake ikiwa nzima.

Kwanza tuone umeme unakwenda wapi. Karibu kila mikrokontrola ya leo imejengwa kwa CMOS, mpangilio wa transista ambao Frank Wanlass aliubuni akiwa Fairchild mwaka 1963. Transista hukaa mbili mbili. Moja ikifunguka, nyingine hujifunga, hivyo zikitulia hakuna njia ya moja kwa moja ya mkondo kutoka chanya hadi hasi. Umeme mwingi huliwa wakati wa kugeuka, pale chaji ndogo ndogo zilizomo ndani zinapojazwa na kumwagwa. Anayezilazimisha kugeuka ni saa ya chipu. Ikiwa saa ni ya megahezi 8, hupiga mara milioni 8 kwa sekunde, hata kama programu yako haifanyi lolote ila kuzunguka ikisubiri kitufe kibonyezwe. Ukiisimamisha saa, matumizi huporomoka, na kinachobaki ni mkondo unaovuja kupitia transista zilizofungwa. Uvujaji huo huongezeka kwa joto, jambo la kukumbukwa na yeyote anayefunga chipu ndani ya boksi la plastiki juu ya paa la bati. Volti nazo zina uzito wake: nguvu inayoliwa wakati wa kugeuka hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kushuka kutoka volti 5 hadi 3 peke yake kunaokoa zaidi ya nusu kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Wabunifu wa chipu waliweza kulaza mapema kuliko walivyoweza kuamsha. Intel walitoa 8051 mwaka 1980, na toleo lake la CMOS, 80C51, lilikuwa na rejista iitwayo PCON yenye biti mbili za usingizi. Biti ya kwanza ilisimamisha CPU peke yake. Vihesabu muda viliendelea, na intarapti yoyote iliyoruhusiwa, yaani ishara ya kuikatiza programu, iliweza kuiamsha. Biti ya pili ilisimamisha osileta yenyewe, na yaliyomo ndani ya RAM yalihifadhiwa kwa mkondo mdogo sana. Lakini usingizi huo wa pili ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni riseti. Programu ilianza upya tangu mstari wa kwanza. Aliyetaka kuutumia ilimbidi ajenge sakiti ya nje ya kuipiga chipu riseti, kisha programu ijichunguze kama ndiyo kwanza imewashwa au imeamshwa. Ukisoma datashiti za miaka iliyofuata, utaona kuwa sehemu kubwa ya maendeleo ya usingizi ni maendeleo ya kuamka.

Kwa kujifunzia napendekeza ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno. Ni ya ukoo wa AVR, uliobuniwa na Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan walipokuwa wanafunzi huko Trondheim, Norwei. Atmel ndio walioutengeneza, na tangu 2016 uko mikononi mwa Microchip. Zipo chipu zinazoishinda kwa kubana umeme. Naipenda hii kwa sababu inapatikana kwa urahisi, na kwa sababu datashiti yake inaonyesha katika jedwali moja ni kitu gani kinabaki hai katika kila usingizi na ni nani anayeweza kuuvunja. Jedwali hilo lina ngazi sita. Kaa nalo jioni nzima, hutajuta.

Ngazi ya juu, Idle, husimamisha CPU tu, na karibu kila kitu kingine kinaweza kuiamsha. Inayofuata imetengenezwa kwa ajili ya vipimo: CPU na saa nyingine hunyamaza ili kelele zao za umeme zisichafue kipimo cha ADC, yaani kigeuzi cha analogi kuwa dijitali, na ADC ikimaliza huiamsha chipu yenyewe. Ni usingizi ambao lengo lake ni usahihi, na inasikitisha kwamba watu wengi hupita bila kuuona. Chini kabisa kuna Power-down. Hapo osileta kuu imesimama, vihesabu muda vimesimama, bandari ya siriali imesimama. Walio macho ni wachache: pini za intarapti, sehemu ya I²C inayosubiri kuitwa kwa anwani yake, na saa ya mlinzi, ambayo mafundi huiita wochidogi, yenye osileta yake ya kilohezi 128. Kwa volti 3 na joto la kawaida la chumbani, chipu katika hali hiyo hula takriban mikroampia 0.1. Ukiiacha saa ya mlinzi ikiendelea, takriban 4. Ikiwa macho kwa megahezi 8, inahitaji miliampia kadhaa, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi ya kile kiwango cha chini. Katikati ya hizo ipo Power-save, ambayo huacha Timer2 ikihesabu kwa kristali ya hezi 32,768, na Standby za aina mbili, ambazo haziisimamishi osileta kuu ili chipu iamke ndani ya mizunguko 6 ya saa.

Kadiri unavyoshuka, ndivyo wanaoweza kuamsha wanavyopungua. Kwa hiyo chaguo la ngazi halianzii kwenye betri, linaanzia kwa mwamshaji. Ikiwa mwamshaji ni wakati, saa ya mlinzi inaweza kusubiri hadi sekunde 8 tu. Anayetaka dakika 10 ataiacha chipu iamke, iongeze namba, ilale tena, mara 75. Osileta yake hupotoka kwa joto na kwa volti, hivyo inafaa kwa unyevu wa udongo, haifai kwa kumbukumbu zinazohitaji saa sahihi. Hapo tumia kristali ya hezi 32,768, au moduli ya DS3231, ambayo kati ya nyuzi 0 na 40 hupotoka kwa takriban dakika moja kwa mwaka, na ina pini ya kengele unayoweza kuiunganisha na pini ya intarapti. Ikiwa mwamshaji ni tukio, mambo ni mazuri zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vipitishi data ndani ya mipini ya pampu za mkono huko Kyuso, Kenya, ili mwendo wa mpini ueleze ni pampu ipi inatumika na ipi imeharibika. Kwa kazi ya aina hiyo leo kuna vihisi mwendo kama ADXL362, ambacho hukesha kwa mikroampia 0.27 na kutoa ishara kwenye pini mara kinapotikiswa. Mikrokontrola inaweza kulala usingizi mzito kabisa mpaka mtu wa kwanza aje kuteka maji.

Sasa utaratibu wenyewe. Unachagua ngazi, unawasha biti ya ruhusa, unatoa amri ya SLEEP. Maktaba ya avr-libc ina set_sleep_mode, sleep_enable na sleep_cpu kwa kazi hizo tatu. Ikiamshwa, chipu huihudumia kwanza intarapti iliyoiamsha, kisha programu inaendelea na mstari uliofuata. Rahisi. Lakini pana ufa mwembamba hapa, nami naomba tusimame kidogo, kwa kuwa anayeuelewa ameshaingia ndani ya taaluma hii.

Tuseme programu inaangalia alama: je, kitufe kimebonyezwa? Bado. Basi inakwenda kulala. Intarapti ya kitufe ikiingia baada ya kuangalia na kabla ya amri ya SLEEP, itahudumiwa, itaweka alama, itarudi, kisha SLEEP itatekelezwa kama ilivyopangwa. Chipu imelala, na aliyepaswa kuiamsha ameshapita. Ni kama mtu wa pwani aliyekuwa bado anatandika kitanda wakati ngoma ya daku inapita mtaani kwao: akishalala, ngoma hairudi, na atafumbua macho alfajiri imeingia hajala kitu. Hitilafu hii inaweza isionekane kabisa mezani, ikajitokeza wiki ya tatu kifaa kikiwa juu ya mlingoti.

Dawa yake ni hii. Zima intarapti zote kwanza. Angalia alama. Kama bado hakuna kitu, ziwashe kwa amri ya sei, na amri inayofuata papo hapo iwe SLEEP. AVR imehakikisha kwamba amri moja inayoifuata sei hutekelezwa kabla ya intarapti yoyote iliyokuwa ikisubiri. Kwa hiyo tukio lililoingia katikati halipotei: litaikuta chipu imeshalala, na litaiamsha. Usiweke chochote kati ya amri hizo mbili. Dhamana hiyo ndogo imeandikwa kwenye datashiti kwa sentensi moja tu, nami sijui sentensi nyingine ya datashiti iliyookoa vifaa vingi kama hiyo.

Chipu za Cortex-M zina jibu tofauti. Amri yao ya kulala, WFI, huvunjwa na intarapti hata kama PRIMASK imezifunga zisihudumiwe. Basi unafunga, unaangalia, unalala, na ukiamka ndipo unafungua. MSP430, ile ya kola za Laikipia, inanivutia kuliko zote. Biti zake za usingizi zimo ndani ya rejista ya hali ya CPU. Intarapti ikiingia, rejista hiyo husukumwa kwenye staki na chipu huamka. Intarapti ikimalizika, rejista hurejeshwa pamoja na biti zake za usingizi, na chipu hulala tena yenyewe. Mgeni huidhani haiamki. Imeamka, imefanya kazi, imelala, yote bila programu kuu kujua. Ukitaka programu kuu iendelee, intarapti lazima ifute biti hizo kwenye nakala iliyo ndani ya staki kabla ya kurudi. Ukishauzoea mtindo huo unaweza kuandika kifaa kizima kinachoishi ndani ya intarapti peke yake.

Swali la pili, la chipu kujikuta katika hali gani, lina majibu mengi kuliko la kwanza. ATmega328P inayotumia kristali ya nje husubiri mizunguko 16,384 kabla ya kuanza, takriban milisekunde 1 kwa megahezi 16. Ikiwa uliipanga iamshwe na pini iliyoshuka chini, na pini ikapanda tena kabla ya muda huo kuisha, chipu itaamka lakini intarapti haitahudumiwa: iko macho na haijui nani kaiamsha. Pini ikikaa chini muda mrefu, tatizo hugeuka. Intarapti hujirudia bila kikomo mpaka uizime ndani ya intarapti yenyewe. Saa ya programu nayo hubaki nyuma, kwa sababu kihesabu muda kilichokuwa kikiiendesha kilikuwa kimelala. Na ujumbe wa siriali uliotumwa sekunde ya mwisho hukatika herufi katikati usiposubiri baiti zote zitoke kwanza.

STM32F103 ikitoka katika Stop huamka ikitumia osileta ya ndani ya megahezi 8, si kristali na PLL ulizoziweka. Usipozirudisha, siriali itaanza kutoa takataka, na mtu atalaumu kebo. ESP32 ikitoka katika usingizi wake mzito huanza programu tangu mwanzo. Kilichonusurika ni kile tu ulichokihifadhi kwenye kumbukumbu ya RTC. Ndugu yake mkubwa, ESP8266, ataamka kwa saa yake ya ndani pale tu ambapo GPIO16 imeungwa kwa waya na pini ya riseti. Waya huo mmoja ukisahauliwa, kifaa hulala moja kwa moja.

Tupige hesabu ya betri, kwani ndiyo inayowapa watu moyo. Chukua betri mbili za AA, tuseme miliampia-saa 2,000, na chipu inayokula miliampia 4 ikiwa macho. Bila kulala: saa 500, wiki tatu hivi. Sasa iamke kila sekunde 8, ifanye kazi kwa milisekunde 20. Sehemu ya kuwa macho ni 0.25 kwa mia, sawa na wastani wa mikroampia 10, ongeza 5 za usingizini, jumla 15. Gawanya, utapata saa zaidi ya 130,000, karibu miaka 15. Betri yenyewe itazeeka kabla ya hapo.

Halafu mtu anaiweka chipu hiyo kwenye bodi yenye regyuleta ya 7805, ambayo hula takriban miliampia 5 kwa ajili yake yenyewe, usiku na mchana, na ile miaka 15 inakuwa siku 17. Hapa ndipo kazi nyingi ya uhandisi wa usingizi ilipo, nje ya chipu. Taa ya LED ya kuonyesha umeme upo. Chipu ya USB kwenye Uno, ambayo hailali programu yako inapolala. Rezista ya kiloohmu 10 iliyofungwa kwenye pini iliyo upande usiofaa, ambayo kwa volti 3 hupitisha mikroampia 300. Pini iliyoachwa ikielea bila chanya wala hasi, ambapo transista zote mbili za mlangoni hufunguka nusu nusu. Kihisi ulichokikatia umeme huku waya wake wa data ukikilisha kwa mlango wa nyuma, kupitia diodi za kinga. ADC ambayo hukuizima kabla ya kulala. Badilisha regyuleta kwa moja kama MCP1700, inayojitumia mikroampia 1.6 hivi, na utakuwa umefanya zaidi ya wiki nzima ya kurekebisha programu.

Haya yote hayaonekani bila kupimwa, nako kupima kuna mtego wake. Mita ya kawaida ikiwa kwenye mikroampia ina ukinzani wa ohmu mia moja au zaidi. Chipu inapoamka na kuvuta miliampia, volti huanguka, chipu hujiriseti, na unachokisoma ni riseti zisizokwisha. Funga swichi sambamba na mita, iache ikiwa imefungwa mpaka chipu ilale, kisha ifungue usome. Chomoa dibaga pia, kwa sababu chipu nyingi huacha saa zao zikienda ikiwa imeunganishwa. Na katika chipu zinazoipoteza dibaga usingizini, weka subira ya sekunde mbili tatu mwanzoni mwa programu, ili upate nafasi ya kuiandika upya.

Basi anza hivi. Tafuta ATmega328P tupu, nje ya bodi, kwenye bredibodi, ikitumia osileta yake ya ndani, na betri mbili. Zima ADC, zima kinga ya volti ndogo, ile BOD, peleka chipu kwenye Power-down, na pima mpaka uone chini ya mikroampia 1. Usiendelee kabla ya hapo. Kisha rudisha kimoja kimoja: washa saa ya mlinzi, usome takriban 4, izime, washa BOD, usome takriban 20, unga kitufe kwenye INT0 na rezista yake, ukibonyeze, usome tena. Andika kila namba kando ya jina la aliyeisababisha, na ubandike karatasi hiyo ukutani juu ya meza yako kabla ya kufungua sura ya kwanza.